Panya Unawapa, Ndugu Yako Unamnyima

Friji ya maabara iliharibika siku ambayo haikupaswa kuharibika. Ndani yake mlijaa vichupa vya maji ya majani yaliyochukua msimu mzima kuyapata, na joto la chumba lilikuwa linapanda. Dokta Majani hakutaka kumsubiri fundi wa taasisi, maana huyo kila ukimpigia anakuja wiki ijayo. Alimpigia simu mdogo wake.

Tuelewane kwanza kuhusu hilo jina. Dokta Majani hakuwa daktari wa kutibu watu, na mtaani walipoanza kumwita hivyo walikuwa wanamcheka. Alikuwa mtafiti wa mimea ya dawa. Kazi yake ilikuwa kusaga majani, kuyaloweka, kuyachuja, kisha kuyauliza maji yake maswali mawili. La kwanza, je, yanazuia ile kutu ambayo mwili hujitengenezea kwa sababu tu unaishi na kupumua? La pili, je, yanazisaidia seli za kinga kupigana na maradhi? Mimea mingi ilijibu hapana, na kila ilipojibu hapana majirani walisema kasoma kote huko kuja kuchuma majani kama mbuzi.

Kisha mmea mmoja ukajibu ndiyo. Ulikuwa mtamba-ukuta, kile kijimea cha majani membamba machungu kinachoota kwenye kuta za watu bila kuombwa. Tone moja la maji yake likiingia kwenye kimiminika cha zambarau cha kupimia, rangi inageuka manjano palepale, na hiyo ndiyo dalili kwamba kutu imepata kiboko yake. Panya walionyweshwa, seli zao za kinga ziliamka na kuchangamka kuliko za wenzao. Redio ikamwita Dokta Majani aeleze. Akaeleza vizuri, kwa lugha nyepesi, na mtaa mzima ukamsikia. Tangu siku hiyo jina likawa la heshima, na mama yake akawa anakwenda dukani kifua mbele kununua hata vitu ambavyo vilikuwemo ndani.

Sasa turudi kwenye friji. Mdogo wake alikuwa fundi wa majokofu, na kila mtu alimwita Fundi, hata mama aliyemzaa. Alifika na mkoba wake wa vyuma, akaivuta friji kutoka ukutani, akalala sakafuni nyuma yake kama mtu aliyekuja kupumzika.

"Dada, hii mmeiua kwa vumbi," alisema. "Nyie wasomi hamjui ufagio?"

"Tengeneza, acha maneno."

Dokta Majani alikuwa anacheka. Kumwona Fundi amelala sakafuni akitukana friji za watu kulimfurahisha, kwa sababu haukupita muda mrefu tangu alale kitandani hospitalini, figo zote mbili zimegoma, uso umevimba, hana hata nguvu ya kutania. Mama yao ndiye aliyemtoa huko. Alipimwa, akafaa, akapasuliwa, figo yake moja ikatiwa ndani ya mwanawe. Tangu hapo Fundi anameza vidonge asubuhi na jioni, na atavimeza mpaka mwisho wa maisha yake, vidonge vya kuishusha kinga ya mwili ili isiishambulie figo ya kupewa.

Alipoinuka kufuta jasho, pumzi yake ikampitia dada yake usoni. Ilikuwa na uchungu wenye utamu kidogo nyuma yake, kama ganda la chungwa lililoungua. Dokta Majani aliijua harufu hiyo kuliko harufu ya nyumba yake. Kwanza alidhani inatoka chumbani. Kisha akakumbuka kwamba wiki nzima walikuwa wanasaga mizizi ya mmea mwingine, na mtamba-ukuta wote ulikuwa umefungwa ndani ya vichupa. Macho yake yakaangukia chupa ndogo ya chai iliyochomoza kwenye mkoba wa Fundi.

"Umekunywa nini?"

"Chai."

"Chai ya nini?"

Fundi akaanza kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa. "Ya Mama," akasema.

Dokta Majani aliichukua ile chupa, akaifungua, akanusa, akamwaga yote kwenye sinki. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoongea redioni."

"Na wewe ukanywa. Unajua vidonge vyako ni vya nini?"

"Vya kuilaza kinga."

"Na hii inafanya nini?"

"Inaiamsha." Alisema bila kumtazama. "Dada, usinifokee, nisikilize. Mtu amekubali kupasuliwa ili akupe figo. Halafu anakuletea kikombe, amekichemsha mwenyewe, anakaa mbele yako anakutazama mpaka umalize. Wewe ungemwambia nini?"

"Ningemwambia hapana."

"Haya. Nenda kamwambie."

Jioni hiyohiyo alikwenda. Alimkuta mama yake jikoni anachuja, na kilichomuuma zaidi ni jinsi alivyokuwa anachuja. Mama aliwahi kuja maabara siku ya wageni, akasimama nyuma ya kila meza, akauliza kila swali. Kumbe hakuja kushangaa tu. Majani aliyaanika kivulini, si juani, kwa sababu binti yake alisema jua linaua dawa. Maji aliyapasha moto bila kuyachemsha sana. Alichuja mara mbili kwa kitambaa cheupe. Maskini, alikuwa anafuata kila kitu sawasawa.

"Mama, naomba usimpe tena Fundi hii dawa."

"Kwa nini? Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni nzuri. Ndiyo shida yenyewe."

Mama akacheka, akamsogezea kigoda. "Kaa kwanza. Umechoka. Umekula?"

"Mama, nisikilize. Kwa Fundi hii ni hatari."

"Si wewe uliyesema inapandisha kinga ya mwili?"

"Nilisema."

"Ukasema inaondoa kutu mwilini."

"Nilisema, ndiyo."

"Sasa mtu aliyepasuliwa, kinga yake imeshushwa, kila mafua yanayopita mtaani yanamwangukia yeye. Huyo si ndiye wa kupewa kabla ya wote?"

Ukiisikiliza haraka haraka, hoja hiyo haina tundu hata moja, na hilo lilimkera Dokta Majani kupita kiasi. Angeweza kubishana na ujinga. Haya yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamepangwa vizuri, yamefika pabaya. Akapumua, akatafuta lugha nyepesi, ileile iliyomletea sifa redioni.

"Kinga ni kama walinzi, Mama. Wanamjua kila mtu wa nyumba. Wakiona sura wasiyoijua, wanaipiga. Ile figo kwao ni sura ngeni, ndiyo maana daktari anawapa dawa ya usingizi kila siku. Wewe unakuja nyuma yake unawaamsha."

Mama akaacha kuchuja. "Sura ngeni ya nani?"

"Ya figo."

"Figo yangu?"

"Kwa mwili wake, ndiyo, Mama. Ni kitu kigeni."

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama, na Dokta Majani aliliona kosa lake neno likiwa bado mdomoni. Mama aliweka kitambaa chini polepole. Akajishika ubavuni, pale penye kovu.

"Yule nilimbeba tumboni," alisema. "Alikula nilichokula, akalala jirani na figo hiyohiyo mpaka siku aliyotoka. Leo uje uniambie kwamba figo yangu ni ngeni kwa mwanangu?"

"Sikusema hivyo kwa nia hiyo."

"Umesema. Nimesikia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Panya unawapa. Panya wanaotutobolea magunia, hao unawapandisha kinga. Ndugu yako unamnyima."

Dokta Majani alijaribu tena. Alieleza kwa njia nyingine, kisha kwa njia ya tatu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu mwenye mkono wa birika anayetafuta visingizio. Mwishoni Mama akatia pamba masikioni, akaendelea kuchuja. Binti alirudi kwake ameuma meno mpaka taya zinauma.

Kesho yake alifanya jambo la hasira. Alikwenda Mama akiwa dukani, akaung'oa mtamba-ukuta wote uliotambaa kwenye ukuta wa uani, akafukua mpaka mizizi, akautia kwenye gunia na kuondoka nao. Kucha zilivunjika, moyo ukatulia. Ulitulia kwa muda mfupi tu. Alisahau kwamba kwa sababu ya ile redio sasa mtaa mzima ulikuwa unaulea mtamba-ukuta kama ua. Mama Cherehani, jirani mshona nguo, alisikia kwamba ukuta wa mama yake Dokta Majani umevamiwa na wezi wa dawa, akaleta kapu zima, tena kwa furaha.

"Mwambie binti yako asijali," alimwambia Mama. "Sisi tupo. Hatuwezi kukosa cha kumpa mgonjwa wake wakati yeye ndiye aliyetufumbua macho."

Maneno hayo Mama aliyafikisha kwa binti yake kama yalivyo, na hakusahau hata nukta.

Basi Dokta Majani akamtafuta daktari wa figo, mtu mkavu asiyependa hadithi, akamweleza kila kitu, akamwomba azungumze na Mama uso kwa uso. Daktari alikubali. Siku ya kliniki alimketisha Mama pamoja na Fundi, akasema kwamba kuanzia leo mgonjwa aache dawa zote za kienyeji. Mama aliitikia kwa adabu, ndiyo daktari, nimeelewa daktari, asante daktari. Dokta Majani alitoka pale mwepesi, akawanunulia soda wote wawili.

Asubuhi iliyofuata Fundi alimpigia simu. "Kimekuja kikombe," alisema.

"Kikombe gani? Si ameambiwa na daktari?"

"Ameambiwa dawa za kienyeji. Anasema hii si ya kienyeji. Hii imepimwa maabara."

Dokta Majani aliiweka simu mezani. Hebu fikiria. Umefanya kazi miaka yote hiyo ili majani ya ukutani yaheshimiwe, yatoke kwenye uvumi yaingie kwenye vipimo, na siku yanapoheshimiwa yanapita katikati ya katazo la daktari bila kuguswa. Alitaka kulia, alitaka kuvunja kitu, na hakujua aanze na kipi.

Ndipo akaitwa Mjomba. Huyu alikuwa kaka wa Mama, mzee mpole anayependa suluhu kuliko kitu chochote, aliyewahi kuwapatanisha hata watu ambao hawakugombana. Alikuja amevaa koti, akaketi katikati ya sebule, akawasikiliza wote. Dokta Majani aliongea. Mama aliongea. Fundi alipoulizwa alisema yeye ni mgonjwa, hana la kusema, akajitia hamnazo anatengeneza waya wa pasi. Mjomba akafumba macho kwa muda mrefu, kisha akakata kauli.

"Wote mna haki," alisema. "Basi anywe nusu kikombe."

"Mjomba, hakuna nusu hapa," Dokta Majani alisema.

"Kila jambo lina nusu, mwanangu. Wewe shuka kidogo, mama yako ashuke kidogo."

"Nishuke niende wapi? Huu si ugomvi wa shamba. Ni figo."

"Unamsikia anavyojibu wakubwa," Mama alimwambia kaka yake. Mjomba akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaomba maji ya kunywa, na kikao kikawa kimefungwa hivyo. Dokta Majani aliambiwa aombe radhi. Akaomba, huku moyoni anawaka, kwa sababu mtu hawezi kupigana na mjomba na mama siku moja akabaki na ndugu.

Alibaki kumkalia Fundi kooni. Kila siku alimpigia. Umemwaga? Nimemwaga. Kweli? Nusu. Mara nyingine Mama anakaa mpaka mwisho, Dada, nifanyeje, niteme mbele yake? Fundi alikuwa anachekacheka, na dada yake alimchukia kwa kicheko hicho, ingawa alijua kilikuwa cha mtu aliyebanwa pande zote. Hata yeye, akisema ukweli, asingeweza kutema mbele ya mama yake kitu alichoandaliwa kwa mkono huo.

Ikafika siku Fundi akashindwa kuvaa viatu. Miguu ilikuwa imejaa maji. Homa ikapanda, mkojo ukapungua, na pale figo ilipo pakawa panauma akiguswa. Dokta Majani alimpeleka hospitali kwa teksi, anamfuta jasho kwa mtandio wake, anamtukana na kumbembeleza kwa pumzi moja. Vipimo vya damu vilirudi vibaya. Kinga ilikuwa imeamka na imeanza kuishambulia figo.

Daktari wa figo alimwita kando baada ya kumchoma Fundi sindano za kwanza.

"Wewe si ndiye yule wa redioni?" aliuliza.

"Ndimi."

"Na unajua alikuwa anakunywa nini?"

"Nilikwambia, daktari. Nilikuja nikakwambia."

Daktari akasema bila ukali, "Mara hii nadhani tumeiwahi. Tutaongeza dawa, itatulia. Lakini ikiguswa tena, sina sindano nyingine. Itakufa, na yeye atarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Mama yenu hana figo nyingine ya kutoa. Fanyeni mnavyojua huko nyumbani."

Fanyeni mnavyojua. Dokta Majani alitembea kwenye korido akiwa amebeba maneno hayo, anapita katikati ya watu waliobeba vyakula na mito ya kulalia, na hasira ilikuwa imempanda mpaka anaona ukungu. Safari hii hatamung'unya maneno. Atamwambia Mama waziwazi kwamba ni wewe. Kikombe chako ndicho kilichomlaza hapa. Kama kumuumiza ndiyo dawa pekee iliyobaki, basi na aumie, lakini asikie.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, mguu mmoja juu ya mwingine, mkoba mapajani. Alionekana mdogo kuliko alivyo. Alipomwona binti yake alisogea kumpa nafasi, kisha akafungua mkoba kidogo ili aone ndani. Chupa ya chai ilikuwemo, imefungwa kwa taulo isipoe.

"Nimegundua tulipokosea," Mama alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kupatana. "Ile ilikuwa nyepesi. Leo nimeikoleza. Wakituruhusu kuingia, wewe msemeshe muuguzi, mimi nitampa."

Maneno yote aliyoyaandaa Dokta Majani yalikauka. Alimtazama mama yake usoni, akaona hajalala, akaona jinsi alivyoishika ile chupa kwa mikono miwili, na akajua kwa uhakika kwamba akimwambia ni wewe, Mama hataamini. Atasema binti ana wivu, binti ana kiburi. Na akiamini, itakuwa mbaya zaidi, maana hatainuka tena kwenye benchi hilo. Kilichomtoka mdomoni hakukipanga.

"Mama, ile dawa haina kitu."

"Haina kitu vipi?"

"Tulikosea maabara. Tumerudia vipimo, hakuna kilichotoka. Vichupa vilichanganywa. Wale panya waliochangamka walikuwa wa kundi lingine. Mtamba-ukuta ni majani tu."

Mama alimtazama kwa muda. "Na kutu?"

"Haiondoi kutu. Haipandishi kinga. Ni uchungu mtupu."

"Lakini ulisema redioni."

"Niliwahi kusema kabla ya kurudia. Nilikuwa na haraka ya sifa."

Kila neno lilimkwaruza likitoka. Kazi ile ilikuwa ya kweli. Alikuwa ameipima akaipima tena, akaipeleka kwa wenzake wakaipima na wao, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Ndiyo kitu pekee maishani mwake alichokuwa na uhakika nacho. Na sasa anaitupa kwenye korido ya hospitali, mbele ya mtu aliyeionea fahari kuliko mwingine yeyote duniani. Alingoja Mama abishe. Kwa muda mfupi alitamani abishe.

Mama hakubisha. Alikuwa amekataa ukweli kwa wiki ngapi sijui, akiwekewa daktari, akiwekewa walinzi na sura ngeni, na uongo huu aliupokea mara moja kama mtu anayepokea salamu. Akaifunga zipu ya mkoba. Akamshika binti yake mkono.

"Pole, mwanangu," alisema. "Miaka yote hiyo."

"Ndiyo, Mama."

"Hata mimi nilikuwa naionja, naona mbona haina nguvu. Nikasema nisikuvunje moyo."

Dokta Majani akaitikia kwa kichwa. Alidhani yameisha. Alikuwa anaanza kupumua alipousikia mkono wa Mama unalegea ndani ya wake.

"Basi kama majani hayana kitu," Mama alisema polepole, "hayakumsaidia wala hayakumdhuru. Sasa mwili wake umeikataa figo kwa nini?"

Binti hakuwa amefika huko kimawazo.

"Ulishaniambia, nikakasirika," Mama aliendelea. Alikuwa amejishika tena ubavuni. "Ni figo yangu. Nimempa kitu kibovu. Nimezeeka, nikampa mtoto kitu kilichochakaa, na wala sikujua."

"Hapana, Mama."

"Sasa ni nini? Niambie ni nini, wewe uliyesoma."

Dokta Majani aliusikia ukweli umemjaa kooni. Ungetoka kwa pumzi moja na ungemweka huru yeye peke yake. Aliutazama mlango wa wodi, ambao nyuma yake mdogo wake amelala na sindano mkononi, asiyejua kwamba anauzwa.

"Ni vidonge," akasema. "Alikuwa haviwezi. Anasahau. Asubuhi anakimbilia friji za watu, jioni amechoka, anaviruka. Figo yako ni nzima kabisa, daktari ameisifu. Ni yeye na uzembe wake."

Uso wa Mama ulibadilika. Huzuni ilitoka, na mahali pake pakaingia kitu ambacho Dokta Majani alikifahamu tangu utotoni na hakuwahi kufurahi kukiona mpaka siku hiyo. Mama alisimama, akaweka mtandio sawa, akasukuma mlango wa wodi bila kumwomba mtu ruhusa. Binti akamfuata nyuma mbiombio.

"Wewe," Mama alisema akiwa bado hajafika kitandani. "Nimekupa figo yangu, halafu unaona uvivu kumeza kidonge?"

Fundi alifumbua macho. Alimtazama Mama, kisha akamtazama dada yake juu ya bega la Mama. Hakuwa amewahi kuruka kidonge hata kimoja. Alivimeza kwa saa, na kengele ilikuwa inalia kwenye simu yake, na dada yake alijua hivyo vizuri. Alimwona dada yake amesimama pale, macho mekundu, anamwomba kitu bila kusema. Ilimchukua muda kidogo.

"Nisamehe, Mama," akasema.

"Kuanzia leo utavimeza mbele yangu. Asubuhi na jioni. Nitakuja mwenyewe, na utafungua mdomo nione."

"Sawa, Mama."

"Na hayo majani sitaki kuyaona. Dada yako amekiri hayana kitu. Nitawaambia akina Mama Cherehani wayang'oe, wasiendelee kujidanganya."

Fundi akamtazama tena dada yake, na safari hii akaumia zaidi, kwa sababu alikuwa ameshauelewa ule uongo wa pili, wa vidonge, na sasa akauona wa kwanza, wa majani. Alifungua mdomo. Dokta Majani akatikisa kichwa, kwamba nyamaza, usithubutu. Akanyamaza.

Ni hivyo basi. Figo ilikuwa imepona. Ingekaa, maana sasa ilikuwa na mlinzi ambaye hakuna kidonge kinachoweza kumlaza, na Dokta Majani alipaswa kufurahi. Hakufurahi. Alisimama kwenye kona ya wodi anatamani kupiga ukuta ngumi, amechoka, amekasirika na hana wa kumkasirikia. Alijua kwamba kabla ya jua kuzama mtaa mzima utakuwa umesikia, kwamba watamcheka upya, na kwamba hatakuwa na neno hata moja la kujitetea.

Muuguzi aliingia kubadilisha maji ya mshipa. Mama, akiwa na haya kidogo kwa sababu ya kelele alizopiga, alimsogelea kumweleza.

"Nisamehe, binti yangu. Ni hawa watoto wangu," alisema, akimfunika Fundi shuka vizuri. "Huyu dawa zimemshinda, yule kazi imemshinda. Sijui wangefanyaje kama nisingekuwepo."